Uliza Fundi: Land Cruiser Iliyokatwa Kichwa Inamfukuzia Nani?

Wiki mbili hizi simu yangu imejaa klipu moja ileile, mmenitumia watu zaidi ya kumi. Land Cruiser fupi haina paa, haina milango, haina kioo cha mbele, pua yote imefungwa matairi chakavu kama gati la boti, inakimbizana na nyati kwenye nyasi ndefu na juu yao kuna helikopta ndogo inazunguka kama nzi. Maswali ni mengi, nimechukua sita. Bahati nzuri nina shemeji yangu yuko Darwin, Australia, kazi yake kuchomelea vyuma, hizo gari zinapita mikononi mwake kila mwaka, basi amenirekodia sauti weee mpaka bando limeisha, maana kule wako mbele yetu masaa sita na nusu, yeye anaanza kazi mimi ndo kwanza nageukia ukuta.

Fundi, ile klipu ni wapi? Wengine wanasema Afrika Kusini wengine wanasema ni akili bandia. Na wale ni nyati gani mbona pembe zimelala nyuma? – Dereva wa watalii, Mto wa Mbu

Siyo akili bandia kaka, ni Australia, kaskazini kabisa, jimbo lao linaitwa Northern Territory. Na wewe dereva wa watalii umejibu swali lako mwenyewe hapo kwenye pembe. Mbogo wetu pembe zake zimeungana juu ya paji la uso kama kofia ya chuma, wale wamelaza pembe nyuma kama mishikio ya baiskeli ya zamani. Ni nyati wa majini wa Asia, yule yule anayelima mashamba ya mpunga Indonesia na Vietnam.

Sasa walifikaje huko, maana Australia haina nyati wa asili hata mmoja. Waingereza miaka ya 1820 walijenga vingome vyao pwani ya kaskazini, kimoja Fort Dundas kwenye kisiwa cha Melville mwaka 1824, kingine Raffles Bay mwaka 1827, baadaye Port Essington mwaka 1838. Wakaleta nyati kutoka Timor na visiwa vya jirani wawe nyama na wa kubeba mizigo. Homa, joto, biashara haikuja, wakashindwa, na Port Essington nayo ikaachwa mwaka 1849. Watu walipanda meli wakaondoka, nyati walibaki. Kule hakuna simba hakuna fisi, kuna mamba tu, na maji yamejaa kila mahali, we unafikiri nini kitatokea? Walizaana mpaka basi. Kuanzia miaka ya 1880 watu wakawa wanawapiga risasi wakiwa juu ya farasi kwa ajili ya ngozi, biashara ikaenda mpaka katikati ya miaka ya 1950 soko likafa, nyati wakapumua tena. Ilipofika 1985 waliwahesabu kwa ndege wakapata makadirio ya zaidi ya 300,000.

Na pale ndo serikali ilikuwa haitaki mchezo, kwa sababu tangu 1970 walikuwa na kampeni ya nchi nzima ya kufuta kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba, na nyati wa porini ndo walikuwa wanatunza vile vijidudu. Ukisafisha zizi lako leo, kesho nyati mmoja anaruka fensi anakuja kunywa maji na ng'ombe wako umerudi sifuri. Kwa hiyo amri ikawa kamata au piga. Wanaofikika wakakamatwa wakaenda machinjioni, wasiofikika wakapigwa risasi kutoka kwenye helikopta. Kampeni ilifungwa 1997 nchi ikatangazwa haina kifua kikuu cha ng'ombe. Hizo gari zipo tangu kabla ya kampeni, ila miaka ile ndo ziliota kama uyoga, kila mwenye Land Cruiser mbovu na mashine ya kuchomelea alikuwa na kazi.

Mimi ni fundi Gerezani, Dar. Nataka kujua imetengenezwaje, na kwa nini wanatumia gari za zamani wakati Australia watu wana hela? Si wangechukua mpya? – Fundi mwenzio

Hapa ndo penyewe, kaa vizuri.

Kitu cha kwanza uelewe, ile gari kazi yake ni kugongwa. Siyo kugongwa kwa bahati mbaya, kugongwa ndo mshahara wake. Sasa uchukue gari mpya yenye sensa kumi na mbili kwenye bampa, mifuko ya hewa inayopasuka ukigusa ndoo, kompyuta ikiona vumbi inawasha taa ya njano na injini inapungua nguvu mwenyewe, uende nayo kumsukuma mnyama wa kilo 700 na ushee kwenye kichuguu? Utarudi kwa miguu. Shemeji anasema kule mtu anapotafuta gari ya kukamatia haulizi ina nini, anauliza haina nini. Haina umeme mwingi, haina plastiki, haina kitu ambacho ukikivunja saa mbili asubuhi huwezi kukirudisha saa nne chini ya mti kwa nyundo na moto.

Zamani walitumia Land Rover na Jeep za vita. Land Rover tatizo lake unalijua wewe kuliko mimi, zile shafti za nyuma, ukikanyaga klachi vibaya kwenye matope unasikia *ta!* na gari imebaki inaungurumia hewa. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1950 Land Cruiser ikaingia Australia kwa mlango wa mradi wa mabwawa ya umeme wa milima ya Snowy, kampuni ya Thiess ndo iliyoleta, watu wakaona hee, hii inakula mlima mchana kutwa haivunji kitu. Toka hapo porini ikawa Toyota. Ile fupi ya FJ40, imetengenezwa 1960 mpaka 1984, ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2,285 tu, kwa hiyo inageuka karibu na mnyama anavyogeuka, na hilo ndo jambo lenyewe maana nyati akiwa amebanwa hakimbii mstari mnyoofu. Zikazidi kuwa adimu wakahamia kwenye familia ya 70, hizi za mkonga tunazozijua, iliyoanza 1984 na mpaka leo inatoka kiwandani. Ndani utakuta 2H au 1HZ, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, haina tabo, pampu ya dizeli ni ya kimakanika. Madereva wa Arusha hapo mnatabasamu.

Sasa kazi ya fundi. Anatoa paa, milango, kioo cha mbele, viti vya nyuma, taa ukitaka, maana kazi ni ya mchana. Betri inahamishwa kutoka mbele inaenda nyuma ya kiti, ikigongwa pale ilipokuwa mwanzo inamwaga asidi na siku imeisha. Rejeta inawekewa ngao yake peke yake. Juu ya watu inasimamishwa keji ya mabomba mazito, kwa sababu kupinduka siyo *ikitokea*, ni lini. Nyasi zimefika kifuani, chini yake kuna magogo, vichuguu na mashimo waliyochimba nyati wenyewe wakigaagaa kwenye tope wakati wa mvua, likishakauka ni kama umemwaga zege lenye matuta, na wewe uko spidi. Mkanda wa kiti usipofunga shauri yako.

Ngao ya mbele ndo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea nikiwa bado kijana. Jamaa mmoja wa shamba aliniletea pikapu akataka ngao ya nguvu, nikamtengenezea chuma cha reli, nikakichomelea moja kwa moja kwenye ncha mbili za chesisi, nikajipongeza na soda. Baada ya wiki amegonga mti taratibu tu, ngao haina hata mkwaruzo, chesisi imekunjika kama ndizi nyuma ya magurudumu ya mbele. Nilitengeneza bure, siku tatu. Ndo maana za kule ngao haiishii mbele, mabomba yanarudi nyuma pande zote mbili yanashika chesisi sehemu nyingi mpaka karibu na katikati ya gari, na pembeni yamefunika milango isiyokuwepo. Pigo likija linagawanyika.

Halafu matairi. Yale yaliyofungwa mbele na ubavuni siyo ya kuiokoa gari, ni ya kumuokoa nyati! Chuma kikimgusa mnyama anavunjika mguu au nyama inavilia damu, na nyama iliyovilia damu machinjioni haina bei, na anayetakiwa kupanda meli akiwa hai kwenda kuuzwa nje, akichechemea hapandi. Kwa hiyo unamsukuma na mpira. Wanafunga matairi mazima au wanayakata nusu wanayakaza kwa nondo na bolti. Magurudumu yenyewe ni saba hamsini kumi na sita, ringi za kufungua zenye tyubu, ile saizi yetu ya siku zote, kwa sababu kisiki kikitoboa unaziba mwenyewe na pampu ya mkono. Shemeji kapigia hesabu pancha za wiki moja nikamwambia acha uongo.

Na kuna ile nyingine ya kisasa kidogo, mkono wa chuma. Ubavuni kwa abiria kuna bomba kubwa limepindwa kama kiwiko, dereva akifika sambamba na shingo ya mnyama anavuta kishikio, haidroliki inafunga mkono, shingo imebaki ndani kama mtu aliyekumbatiwa kwa nguvu. Mnyama anasimama na gari inasimama. Kabla ya huo mkono (na wengi mpaka leo) ni kazi ya miguu. Dereva anamsogelea nyuma kwenye paja, anamsukuma kidogo wakati mguu wa nyuma uko hewani, anaanguka, dereva anamlalia na tairi la mbele bila kumkanyaga, na yule abiria ameshakuwa chini zamani, amechomoa mkanda wa ngozi kiunoni, anafunga miguu ya nyuma mizunguko miwili, anabana pini, anaruka. Hapo sekunde zinahesabika. Kiunoni anavaa mikanda kadhaa imening'inia kama mkungu wa ndizi. Shemeji anasema ukitaka kujua abiria mzuri mwangalie magoti, akiwa na magoti mazima huyo hajaanza kazi.

Mbona kuna helikopta? Kama ipo helikopta gari la nini, kama lipo gari helikopta ya nini? – Mwanafunzi, Morogoro

Swali zuri na fupi. Helikopta ndo inafanya kazi kubwa, gari inaokota mabaki. Ile ndogo ni Robinson R22, viti viwili, injini ya pistoni silinda nne, inashuka mpaka juu ya miti inalia, kundi linaanza kusogea. Porini wameshajenga zizi la paneli za bomba zinazohamishika, na kutoka mlangoni wametandaza kitambaa cha magunia pande mbili, kinafunguka kama mdomo wa mgono wa kuvulia samaki. Mnyama haoni upenyo, anadhani ni ukuta, anafuata. Wengine wanaweka ng'ombe wapole kadhaa mbele wawe wenyeji, wale wa porini wakiona wenzao wametulia nao wanatulia. Ila kuna madume huwa hayaelewi somo, yanageuka yanapita katikati ya watu. Hayo ndo ya kwenu nyie wenye gari.

Kwa nini hapa kwetu hawafanyi hivyo kwa mbogo wanaovamia mashamba? Tunalia kila mwaka na mahindi yetu. – Mkulima, Bunda

Pole sana mzee wangu. Kwanza ni kosa kisheria, kumfukuza mnyamapori na gari bila kibali ni kesi, hata kama mahindi ni yako. Pili mbogo siyo yule wa klipu. Yule wa majini akibanwa anafikiria kukimbia, mbogo wetu akibanwa anafikiria kukurudia, na wenzake wakisikia anapiga kelele nao wanarudi. Utakuwa na gari ya wazi na kundi zima linakuja na kofia zao za chuma.

Lakini usidhani hatujawahi. Zamani kabla ya dawa za usingizi kuenea, Tanganyika na Kenya walikuwa wanakamata faru na twiga kwa gari, wakipelekwa kwenye bustani za wanyama za nje. Mtu anakaa kwenye kiti kilichofungwa nje kabisa juu ya madigadi, ameshika mti mrefu wenye kitanzi cha kamba, gari inakwenda sambamba na mnyama, anamvisha. Wazee wa Arusha waliokuwa wanafanya kazi hizo walikuwa hawasimulii sana, labda walikuwa wanasikia baridi mgongoni wakikumbuka. Ikaja bunduki ya sindano na dawa kama M99, ile kazi ya kitanzi ikafa taratibu. Kukimbiza kundi kwa helikopta kwenda kwenye mdomo wa kitambaa kupo hata huku, Februari 2010 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walifanya hivyo kule hifadhi ya Soysambu wakawapakia pundamilia kwenye malori kuwapeleka Amboseli, baada ya ukame wa 2009 kumaliza wanyama mpaka simba wakawa wanahangaika na mifugo ya watu. Kwa mahindi yako nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na ukifika andika tarehe na ukubwa wa shamba lililoliwa, ukienda na maneno matupu unarudi na maneno matupu.

Fundi mimi hiyo klipu imeniuma. Kumgonga mnyama na gari halafu mnacheka. Huo si ukatili? – Mama Zuu, Tanga

Mama sikucheka, na nilimuuliza shemeji hivyohivyo. Kuna wakatili kule kama popote, wanaofukuza kwa kujionyesha. Lakini wanaojua kazi wanaogopa kitu kimoja kuliko pembe, nacho ni jua. Nyati wa majini ana tezi chache sana za jasho, ndo maana mchana kutwa yuko kwenye tope, tope ndo feni yake. Ukimkimbiza muda mrefu anachemka kwa ndani, misuli inaharibika, unaweza ukamkamata mzima jioni na asubuhi ukamkuta amekufa zizini bila kidonda. Kwa hiyo wanatoka alfajiri, miezi ya kiangazi kama Mei mpaka Oktoba, kumkimbiza kunatakiwa kuwe kwa muda mfupi sana, akishafungwa wanamvutia kivulini na kumwagia maji. Jua likipanda wanaacha, hata kama dume kubwa limesimama pale linawaangalia.

Na swali la kwa nini wasiwaache tu waishi. Nimelifikiria mama. Nyati hao wamevuruga mabwawa ya watu, wanakanyaga kingo na kuchimba njia zao za kuogelea, maji ya chumvi ya baharini yanapita humo yanaingia kwenye maji baridi, misitu ya miti ya gome la karatasi imekauka imesimama. Huko Arnhem Land, eneo la jimbo hilohilo, ardhi ni ya wenyeji wa asili, bila kibali chao huingii, na wenyewe wamegawanyika. Kuna wazee wanataka nyati wapungue ili maua ya maji na bata mabukini warudi, na kuna wanaosema nyati ni nyama yetu sasa, vizazi na vizazi tumemla, msitumalizie. Mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya kumkamata kwa tairi akapanda meli, na kumpiga risasi kutoka juu akaachwa aoze, nachagua tairi. Wewe unaweza kukataa zote mbili na nitakuelewa.

Nina Land Rover 109 ya marehemu baba, Series III, imelala miaka minane. Ng'ombe wangu wanapotelea porini siku tatu nne. Nataka kuikata paa niifanye ya wazi kama hizo niwe nawarudishia. Nianze wapi, grainda ninayo. – Mfugaji, Kiteto

Weka grainda chini! Usikate kitu. Hiyo gari Waingereza waliitengeneza ivuliwe, paa limeshikwa na bolti, kichwa cha mlango kinachomoka, kioo cha mbele kinalala juu ya boneti. Unahitaji spana tu, na ziwe spana za inchi siyo za milimita, ukilazimisha ya 13 kwenye nati ya nusu inchi utailamba pembe zote halafu ndo utatafuta grainda ukilia.

Kabla ya paa ingia chini. Bodi ni aluminiamu haitakuambia ukweli, itang'aa tu, chesisi ni chuma na ndo inayooza. Chukua nyundo ndogo gonga kuanzia nyuma pale springi zinaposhikiliwa, ukisikia mlio wa kengele sawa, ukisikia mlio wa boksi la sabuni simama hapo, hiyo ichomelewe kwanza kabla ya jambo lolote. Mabomba ya breki badilisha yote usiyaangalie mara mbili, miaka minane mafuta ya breki yameshavuta maji. Tanki lisafishe.

Matairi ya mbele usifunge. Wewe unawarudisha ng'ombe wako, huwakamati, ng'ombe anayekujua ukimfuata taratibu gia ya pili ukipiga mluzi anarudi, ukimsukuma kesho akisikia tu injini anaingia porini zaidi. Keji ya juu weka, hiyo usibishane na mimi, mwachie fundi anayejua kupinda bomba siyo anayeliunga kwenye kona.

Na zile bolti za paa ukishazifungua ziweke kwenye kopo la maziwa pamoja na oili chafu, kopo uliandike, uliweke mahali watoto hawafiki. Mvua zikianza mama watoto atataka paa lirudi siku hiyohiyo.